Daftari la Ardhi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa kwa wenye maduka na kwa watunzaji wa vyama vya akiba. Katika insha hii, msomaji, nataka tuitumie kupima mali iliyo kubwa kuliko ya duka lolote, yaani mali ya ardhi yenyewe. Katika mali hiyo nitachagua vitu viwili tu, kaboni na nitrojeni, kwa sababu hakuna kiumbe hai asiyejengwa navyo. Tena nitavitazama kutoka mtaa mmoja mdogo wa Nairobi, Mashimoni katika Kibera, kwa sababu habari za mtaa huo zatosha kutufundisha jinsi daftari la vitu hivyo lilivyoharibika ulimwenguni kote.

Ninayo sababu ya kuchagua mtaa huo. Nilipotoka chuo cha ualimu na kuanza kazi, nilizoea kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba Bwawa la Nairobi, lililo bondeni chini ya Kibera, liliuawa na uchafu wa watu wa Kibera. Niliyasema hayo kwa miaka kadhaa bila kusita. Siku moja msichana wa kidato cha pili, mkaazi wa Mashimoni, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, uchafu huo ulipaswa kwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aketi, nikaendelea na somo. Yeye aliketi, lakini swali lake halikuketi. Insha hii ni jibu langu kwake, ijapokuwa limechelewa.

Kwanza tuvifahamu vitu vyenyewe. Kaboni si kitu kigeni kwa mtu yeyote aliyepata kuwasha jiko, kwa maana makaa tunayoyanunua kwa mkebe karibu yote ni kaboni. Mti huvuta hewa ya ukaa kwa majani yake, na kwa nguvu za jua huigeuza kuwa shina, tawi na tunda. Mti ukichomwa, au ukianguka ukaoza, kaboni ile hurudi hewani ilikotoka, na mti mwingine huja kuivuta tena.

Nitrojeni nayo ni nyingi ajabu. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni nitrojeni. Hata hivyo mimea haiwezi kuitumia jinsi ilivyo hewani, sawa na mtu mwenye njaa aliyezungukwa na maghala yaliyofungwa kwa kufuli. Funguo za asili ni mbili. Ya kwanza ni radi, ambayo hulazimisha nitrojeni kidogo kuungana na oksijeni na kushuka pamoja na mvua. Ya pili ni vijidudu vinavyoishi katika udongo, hasa vile vikaavyo katika vifundo vya mizizi ya kunde, maharagwe na jamii yake. Wakulima wetu hawakuwa na darubini, lakini kwa vizazi vingi walipanda mahindi na maharagwe katika shamba moja. Walikula githeri, wakawapa mifugo mabua, wakarudisha samadi shambani. Kilichotoka ardhini kilirudi ardhini, na daftari likalingana.

Sasa twende Kibera. Mahali hapa palikuwa msitu na vichaka, na jina lenyewe, Kibra, katika lugha ya Wanubi lina maana hiyohiyo. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan walioitumikia serikali ya kikoloni katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Tangu mwaka 1904 hivi walianza kuwekwa katika msitu huo, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Askari walijenga, wakalima, wakafuga, wakazika wafu wao hapo, lakini hati ya ardhi hawakupewa. Jambo hili uliweke akilini, msomaji, kwa kuwa tutalihitaji tutakapofika kwenye hukumu.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukikua kando yao. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na magari ya moshi ya siku zile yalikuwa walaji wakubwa wa kuni. Misitu ya asili haikutosha, na kuanzia mwaka 1902 mikaratusi kutoka Australia ilipandwa ili kuyalisha matanuri ya reli. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Msitu uliokuwa ghala la kaboni ukawa tumbo la mashine. Baada ya reli yakaja majiko ya mji. Kila familia iliyokuja Nairobi kutafuta kazi ilihitaji moto wa kupikia, na moto huo ulitoka mbali zaidi kila mwaka, katika nyika za Kajiado, Narok na Kitui. Katika tanuri la udongo, tani kumi za kuni hutoa tani moja hadi mbili tu za makaa, na sehemu kubwa ya iliyobaki huishia hewani. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, nayo kaunti ya Kitui ikakataza biashara ya makaa, bei ilipanda, na waliouhisi uchungu huo zaidi ni wale wanunuao makaa ya siku moja kwa siku moja.

Je, tuseme kwamba moshi wa majiko haya ndio uliopasha dunia joto? Hapana, na hapa lazima tuwe waangalifu katika hesabu. Kaboni ya mti ni mkopo wa karibuni, kwa sababu mti mwingine ukipandwa na kutunzwa, deni huweza kulipwa katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni habari nyingine. Hayo ni kaboni iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Mataifa ya Ulaya na Marekani yalianza kuifukua kwa wingi tangu karne ya 18 na ya 19, yakaichoma katika viwanda, melini na katika magari. Kabla ya zama hizo za viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa chembe 280 hivi. Mwaka 1958 mtaalamu Charles Keeling alianza kuipima kila siku katika mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, akakuta chembe 315 hivi. Leo zimezidi 420. Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyeonya. Mwaka 1896, mwaka uleule ambao reli yetu ilikuwa ikianza kujengwa Mombasa, Svante Arrhenius wa Sweden alikwisha kupiga hesabu na kuonyesha kwamba hewa hiyo ikiongezeka, joto la dunia litaongezeka pia.

Habari ya nitrojeni ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa ilianza kwa nia ya kulisha watu. Mwishoni mwa karne ya 19 mashamba ya Ulaya yalikuwa yamechoka, na mbolea ililetwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini, ikiwamo chumvi ya nitrati iliyochimbwa katika jangwa la Chile. Wataalamu waliogopa kwamba siku moja chumvi hiyo itakwisha. Ndipo mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alipofaulu kuilazimisha nitrojeni ya hewani iungane na haidrojeni, kwa joto kali na msongo mkubwa, ikawa amonia. Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kilianza kazi huko Oppau, Ujerumani. Binadamu alikuwa amechonga ufunguo wa tatu wa ghala la hewa.

Ufunguo huo ulifungua milango miwili kwa pamoja. Vita vya 1914 vilipozuka, adui za Ujerumani waliizuia kupata nitrati ya Chile, lakini viwanda vya amonia viliipatia nitrojeni ya kutengenezea baruti. Vita hivyo vilifika hata kwetu, na askari wa King's African Rifles, miongoni mwao watu wa Kibera, walipigana na jeshi la Wajerumani katika Tanganyika. Haber mwenyewe ndiye aliyeongoza matumizi ya gesi ya sumu vitani huko Ubelgiji mwaka 1915. Pamoja na hayo alipewa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918, mwaka uleule ambao msitu wa Kibera ulitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Mlango wa pili ulikuwa wa chakula. Inakadiriwa kwamba leo karibu nusu ya watu wote duniani hulishwa kwa mazao yaliyokuzwa kwa nitrojeni ya viwandani. Hatuwezi, basi, kuulaani ufunguo huu kwa jumla, maana pengine wewe usomaye na mimi niandikaye tu miongoni mwa waliolishwa nao.

Kosa halikuwa katika kuufungua mlango. Kosa lilikuwa katika kusahau kwamba kitu kitokacho ghalani lazima kiwe na mahali pa kwenda. Mimea haiitumii mbolea yote. Sehemu yake huchukuliwa na mvua mpaka mitoni na maziwani. Sehemu nyingine hupanda hewani kwa umbo la oksidi ya nitrojeni, gesi ambayo kilo moja yake hupasha dunia joto kuliko zaidi ya kilo 250 za hewa ya ukaa. Hata ile inayoingia katika mahindi haikai humo. Mahindi husafirishwa mjini, huliwa, na nitrojeni hutoka katika mwili wa mtu kwa njia ambayo sote twaijua.

Hapa tumefika Mashimoni. Jina lake lina maana ya mahali penye mashimo, na kwa muda mrefu shimo la choo ndilo lililokuwa mwisho wa safari ya chakula kilicholimwa Trans Nzoia, Kinangop na Kisii. Hebu tufanye hesabu pamoja. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta katika Kibera watu 170,000 hivi. Mtu, kwa wastani wa wakubwa na wadogo, hutoa mwilini nitrojeni isiyopungua kilo mbili kwa mwaka, na iliyo nyingi zaidi iko katika mkojo. Kwa watu hao wote ni kilo 340,000. Mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Gawanya, nawe utapata mifuko inayokaribia 15,000 kila mwaka. Mkulima wa Kitale aliyeona bei ya mbolea ikipanda mno mwaka 2021 na 2022 angeipokea kwa furaha. Mali hiyo ilikuwa ikizama mashimoni, ikipenya katika maji ya chini ya ardhi, au ikishuka kwa mitaro mpaka mto Ngong.

Mto huo huingia katika Bwawa la Nairobi. Bwawa lilijengwa mwaka 1953 ili kuwa akiba ya maji ya mji wakati wa shida, na kwa miaka mingi watu walikuja pale kuvua samaki na kuendesha mashua za matanga. Lakini maji yenye nitrojeni na fosforasi nyingi ni shamba lililotiwa mbolea bila mkulima. Magugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, ulipofika hapo haukuwa na sababu ya kujizuia. Kufikia mwisho wa karne ya 20 ulikuwa umelifunika bwawa kama mkeka. Chini ya mkeka huo nuru haifiki, mimea huoza, oksijeni hupungua, na samaki hufa. Ndugu zetu wa Kisumu wanaijua hadithi hii, kwa kuwa mmea huohuo ulionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukafunga bandari na kuwatesa wavuvi.

Sasa turudi kwenye swali la yule msichana. Uchafu huo ulipaswa kwenda wapi? Mji wa kikoloni ulikuwa ukichimba mabomba ya maji machafu kwa mitaa fulani na kuiacha mingine. Watu wa Kibera walihesabiwa kuwa wakaao kwa hisani katika ardhi ya serikali, na mtu asiyetambuliwa hachimbiwi bomba. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wahamiaji waliongezeka, vyumba vya mabati na udongo vikaongezeka, na hesabu ile ya zamani ikabaki vilevile. Wanubi walisubiri hadi mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipopewa hati ya ekari 288. Mwaka 2006 ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu maendeleo ya binadamu iliutangazia ulimwengu kwamba katika Kibera watu walijisaidia katika mifuko ya plastiki na kuitupa nje. Waliosoma walishtuka. Lakini ni nani anayetaka kufanya hivyo? Mama mwenye watoto, aliye mbali na choo, usiku, katika kichochoro kisicho na taa, hakuchagua mfuko. Wengine walichagua kwa niaba yake miaka mingi kabla hajazaliwa.

Basi niliwafundisha wanafunzi wangu kosa. Nilisoma ukurasa wa mwisho wa daftari na kuufanya kuwa daftari zima. Bwawa halikuuawa na watu wa Mashimoni. Liliuawa na mji uliojua kuingiza chakula cha watu wote lakini ukapanga njia ya kutokea kwa baadhi yao tu.

Tena wakazi haohao ndio wanaolipa deni la kaboni ambalo hawakulikopa. Mkenya mmoja, kwa wastani, hata nusu tani ya hewa ya ukaa ya makaa ya mawe na mafuta haifikishi kwa mwaka, ilhali Mmarekani mmoja huzidi tani 13. Lakini hewa haina mipaka. Kila digrii moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Kuanzia Machi hadi Mei mwaka 2024 mafuriko yaliua watu karibu 300 katika Kenya. Katika Nairobi mito iliingia nyumbani mwa maskini, kisha serikali ikaamuru nyumba zilizo kando ya mito zibomolewe. Waliokuwa wameponea maji hawakuponea tingatinga.

Usidhani, msomaji, kwamba katika mitaa hii watu wameketi tu wakilia. Katika Kibera shirika la Umande Trust lilijenga vyoo vya jumuiya vyenye matangi ya kuozeshea uchafu, na gesi itokayo humo ikapelekwa kwenye majiko. Wazo hili ni la busara, lakini tulipime kwa daftari letu. Gesi hiyo hubeba kaboni peke yake. Nitrojeni hubaki katika uji wa tangi, na uji huo ukimwagwa mtoni, nusu ya kazi imeharibika. Ukitibiwa vema na kupelekwa shambani, duara limefungwa. Baada ya machafuko ya mwaka 2008, akina mama wengi wa Kibera walifundishwa kupanda sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo, na mlangoni pa chumba cha mabati pakaota mboga. Gunia moja si shamba, lakini hufundisha jambo ambalo vitabu vyangu havikunifundisha, kwamba mwisho wa chakula waweza kuwa mwanzo wa chakula.

Mengine yamezidi uwezo wa gunia. Kuchimba mabomba, kujenga mitambo ya kusafisha maji machafu, kuwapa watu haki ya mahali wanapokaa, na kuyataka mataifa yaliyofukua kaboni ya kale yapunguze kuichoma, hizo ni kazi za serikali na za mikutano ya dunia. Kazi yetu, walimu na wanafunzi, ni kutunza hesabu kwa uaminifu. Mtu akituambia kwamba mahali fulani ni pachafu, tuulize kilichofika hapo kilitoka wapi, nani alikitumia kwanza, na nani alinyimwa njia ya kukirudisha.

Yule msichana alimaliza shule kabla sijaweza kumjibu. Ikiwa anaisoma insha hii, namwomba radhi kwa kumketisha siku ile, nami namwambia hivi: uchafu huo ulipaswa kurudi shambani. Haukuwa uchafu mpaka ulipokosa njia.